Joto lina madeni mawili

Kila Desemba, Wachaga waliotawanyika Dar es Salaam, Mwanza na kwingineko hupanda kurudi kwao, na kila Desemba mazungumzo ya kihambani kwetu Kibosho hufika mahali pale pale. Mbege imeshazunguka mara mbili, machalari yako jikoni, mawingu yanafunguka jioni na Kibo, kilele cha Kilimanjaro, inajitokeza. Mtu mmoja anaitazama, anasema, "Jamani, theluji imeisha." Hapo ukoo unagawanyika. Baba mdogo, aliyefundisha jiografia sekondari kwa miaka mingi, anasema hiyo ni kazi ya Wazungu na viwanda vyao. Wao wamekula, sisi tunaosha vyombo. Binamu yangu aliyeko serikalini anamjibu kwa heshima lakini harudi nyuma: "Baba, hakuna Mzungu aliyepanda huko juu usiku na msumeno kuangusha mti wa mkulo. Tumekata wenyewe." Wanaendelea hivyo mpaka mama anapowaita watu mezani.

Nimeusikiliza ubishi huo kwa miaka, na nauona kuwa ndugu wa ule unaoendelea kwenye mikutano ya dunia ya tabianchi, kama ile ya Baku na Belém, ila huko unasemwa kwa karatasi nyingi zaidi. Nimefika mahali pa kuamini kwamba baba mdogo anasema kweli na binamu naye anasema kweli. Kosa lao ni moja: kila mmoja anadhani wanazungumzia deni moja. Yako mawili.

Deni la kwanza ni la gesi zilizorundikana angani tangu viwanda vya Ulaya vilipoanza kuchoma makaa ya mawe. Deni la pili ni la matunzo, yaani namna tulivyoushika msitu, maji na moto hapa mlimani, na hilo ndilo linaloamua joto likishafika litatuumiza kiasi gani. Wadaiwa si wale wale, na malipo hayafanani. Tukiyaandika kwenye daftari moja, kila mdaiwa anapata pa kujificha. Mwenye viwanda anaunyooshea kidole mkaa wetu. Na mwenye dhamana hapa kwetu, mto ukikauka, anasema ni mabadiliko ya tabianchi, kisha anaketi.

Nianze na theluji yenyewe, maana ndiyo inayotupoteza zaidi.

Vipimo viko wazi. Mwaka 1912 barafu ya Kilimanjaro ilifunika zaidi ya kilomita za mraba 11. Mwaka 2011 zilibaki 1.76. Takribani asilimia 85 imekwenda ndani ya miaka mia moja. Mwaka 2002 kundi la wanasayansi lililoongozwa na Mmarekani Lonnie Thompson lilieleza kwamba, kwa mwendo ule, barafu ingetoweka kati ya 2015 na 2020. Utabiri ule ulizunguka dunia. Kibo ikawa picha ya ukutani ya janga zima la joto. Sasa 2020 imepita, na barafu bado ipo. Ni kidogo, imekatikakatika, lakini ipo. Kila asiyetaka kusikia habari za joto la dunia anauchukua utabiri huo mmoja na kuuinua juu kama hati ya mahakama.

Ukweli wa kule juu ni mgumu kuliko picha ya ukutani. Georg Kaser wa Austria na wenzake wameonyesha kwamba barafu ya Kibo ilianza kurudi nyuma mwishoni mwa karne ya 19, miaka ile ile Hans Meyer alipofika kileleni, 1889, wakati magari yalikuwa bado hayajaenea popote. Kwenye mita 5,895 hewa iko chini ya sifuri karibu muda wote. Sehemu kubwa ya barafu haiyeyuki ikatiririka. Inageuka mvuke moja kwa moja juani, kwa sababu hewa imekuwa kavu na theluji mpya ya kuifunika haianguki kama zamani. Ukavu huo nao una uhusiano na hali ya Bahari ya Hindi inakotoka mvua yetu, kwa hiyo hakuna anayeweza kusimama akasema joto la dunia halimo. Ripoti ya UNESCO ya mwaka 2022 inasema barafu za Afrika, hii yetu ikiwemo, huenda zikawa zimekwisha ifikapo 2050. Hata hivyo Kibo ni shahidi anayejibu maswali matatu kwa sentensi moja. Shahidi wa namna hiyo huwezi kumkabidhi kesi nzima aibebe peke yake.

Na liko jambo ambalo watu wa hapa hunikatalia nikilisema. Maji ya mifongo yetu, mifereji ya jadi ya kumwagilia, hayatoki kwenye barafu. Mchango wa barafu kwenye mito ya Kilimanjaro ni mdogo sana. Maji yanatoka msituni. Upande wa kusini mvua ni nyingi zaidi kwenye mita 2,200 hivi, ambako kwa mwaka inakaribia milimita 3,000, wakati Moshi mjini haifiki theluthi moja ya hiyo. Juu zaidi, mvua ikishapungua, kuna ukungu. Miti ya erika yenye ndevu za kijani inaukamata ukungu ule, inauchuja, inaushusha chini tone kwa tone hadi ardhini. Andreas Hemp, mtaalamu wa mimea kutoka Ujerumani ambaye ameuchunguza mlima huu kwa miongo, aliandika mwaka 2005 kwamba moto umeula msitu wa juu na kuushusha mpaka wake, na kwamba hasara hiyo kwa maji ya mlima inafanya kupungua kwa barafu kuonekane jambo dogo.

Oktoba 2020 tuliona alichokuwa anakisema. Mama alinipigia simu usiku: "Toka nje uangalie, mlima unaungua." Nilitoka. Kutoka Moshi mjini ulionekana mstari mwekundu umelala gizani, kama mtu ameuchora kwa kaa la moto. Moto ulikuwa umeanza tarehe 11 karibu na Whona, kwenye njia ya Marangu, kati ya Mandara na Horombo. Wanafunzi wa chuo cha wanyamapori cha Mweka, waongoza wageni, wapagazi na wananchi wa kawaida walipanda kuuzima, wengi wakiwa na matawi na majembe tu mikononi, na ilichukua siku nyingi. Watu wale wanastahili heshima kubwa kuliko waliyopata.

Moto wa mlimani ndipo madeni mawili yanapokutana, na ndiyo maana ni rahisi kuyachanganya. Anayewasha ni binadamu: mrina asali aliyeacha kijinga kinafuka, jangili, mtu aliyepika akaondoka. Lakini majani kukauka kiasi kwamba cheche moja inakula kilomita na kilomita, hilo linatokana na mlima kuwa mkavu kuliko ulivyokuwa. Ukimkamata mrina asali umelipa sehemu moja ya hesabu. Ukienda Belém ukadai nchi zenye viwanda zipunguze gesi, umegusa sehemu nyingine. Hakuna moja inayofuta nyingine, na mimi nachoka na viongozi wanaofanya moja kama kisingizio cha kutofanya ya pili.

Tumesahau mapema mno kwamba mwaka 2001, msitu wa Kilimanjaro ulipokaguliwa kwa ndege, wakaguzi walihesabu maelfu ya visiki, vingi vikiwa vya mkulo. Mti ule unakua polepole sana. Aliyeupanda haukati, anaukata mjukuu. Na wakati ule hapakuwa na tabianchi ya kusingizia. Palikuwa na misumeno, malori na watu waliofumba macho. Ukanda ule wa nusu maili, uliotengwa mwaka 1941 ili wenyeji wapate kuni na mbao bila kuugusa msitu wa asili, ulikuwa umeshapoteza maana yake, mwenye nao hajulikani. Mwaka 2005 hifadhi ya taifa ikapanuliwa ikashuka hadi kwenye msitu. Visiki vipya vimepungua tangu hapo, nakubali. Ila mwanamke wa Kibosho au Marangu anayeingia kutafuta kuni leo anaingia akitetemeka katika msitu ambao bibi yake aliuona wa kwake, na sidhani msitu unalindwa vizuri na jirani anayeuogopa.

Shahidi ninayemwamini kuliko Kibo ni mbuni, mti wa kahawa, na ushahidi wake anautoa usiku.

Kahawa yetu ni arabika, mti wa baridi. Mwaka 2015 watafiti wakiongozwa na Alessandro Craparo wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand walichapisha hesabu waliyoifanya kwa takwimu za kahawa ya Tanzania tangu miaka ya 1960. Walichokigundua ni kwamba kinachoumiza zaidi si jua la mchana. Ni usiku kutopoa. Kila nyuzijoto moja inayoongezeka kwenye joto la chini kabisa la usiku inaipunguzia hekta moja kilo 137 hivi za kahawa. Mkulima wa Uru au Machame hahitaji kompyuta kuelewa hilo. Anajua kwamba blanketi la pili siku hizi linabaki kabatini miezi ambayo zamani lisingebaki, na anajua kahawa inawahi kuiva kabla punje haijashiba. Huyu mtu hakujenga kiwanda. Hana gari. Usiku wake umepashwa joto na moshi wa watu asiowajua, na hakuna mche wala mbolea itakayoushusha usiku ule urudi ulivyokuwa. Hilo ni deni la kwanza, tupu, bila mchanganyiko.

Kisha mtazame mkulima yule yule mchana. Mibuni yake ina umri wa baba yake. Bei ilianguka mwaka 1989 mkataba wa kimataifa wa kahawa uliposambaratika, na wengi hawakusimama tena. Chulebuni na kutu ya majani vimemla wakati kule Lyamungo, wilayani Hai, taasisi ya utafiti wa kahawa ilishatoa miche inayostahimili magonjwa hayo miaka mingi iliyopita. Miche hiyo haikumfikia kwa wingi, au ilimfikia bila maji. Ushirika wa KNCU, uliozaliwa 1933 na kusomesha watoto wa mlima huu kizazi baada ya kizazi, umebaki kivuli cha enzi zake. Hayo yote hayakuletwa na gesi. Mtu akikwambia kahawa ya Kilimanjaro imeuawa na tabianchi, muulize tarehe.

Sasa kwenye deni la kwanza, naomba tusiwe na haya kutaja tarakimu. Kabla ya viwanda, hewa ilikuwa na takribani sehemu 280 za hewa ukaa katika kila milioni. Leo imepita 420. Gesi hiyo haiondoki kwa msimu mmoja. Sehemu yake hukaa angani karne na karne, kwa hiyo makaa ya mawe yaliyochomwa Manchester enzi za babu wa babu yangu bado yamo katika joto la leo. Mmarekani mmoja hutoa karibu tani 14 za hewa ukaa kwa mwaka kutokana na mafuta, gesi na makaa ya mawe. Mtanzania mmoja hafikishi theluthi moja ya tani. China sasa ndiyo inayoongoza kwa mwaka, karibu theluthi moja ya dunia nzima, ingawa ukijumlisha tangu mwanzo Marekani bado iko mbele ya wote.

Mwaka 2015 mataifa yalikubaliana Paris kuzuia joto la dunia lisipande zaidi ya nyuzi 2 juu ya lile la kabla ya viwanda na kujitahidi liishie 1.5. Mwaka 2024, kwa hesabu ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani, ulikuwa wa kwanza kupita 1.5 kwa wastani wa mwaka mzima. Mwaka mmoja hauvunji mkataba, kwani lengo linapimwa kwa miongo, lakini unaonyesha tulipo. Na ubishi mkubwa wa dunia umebaki kwenye neno moja: kupunguza au kuacha. Dubai mwaka 2023 walikubali, kwa mara ya kwanza katika mikutano karibu 30, kuandika kwamba dunia iondoke kwenye nishati za mafuta, gesi na makaa ya mawe. Hawakuandika lini. Mimi niko upande wa wanaosema kuacha, kwa sababu ya hesabu ya ndoo: ukipunguza kasi ya bomba, ndoo iliyojaa itafurika tu, ila kwa kuchelewa. Ni lazima bomba lifungwe, na wa kwanza kulifunga awe yule aliyelifungua muda mrefu zaidi na aliyeshaoga.

Fedha ndipo hasira yangu inapopanda. Mwaka 2009 nchi tajiri ziliahidi dola bilioni 100 kwa mwaka ifikapo 2020. Zilifikisha 2022. Baku, mwaka 2024, zikaahidi bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035, wakati hesabu ya mahitaji iliyokuwa mezani ilikuwa ya matrilioni. Mfuko wa hasara na uharibifu ulikubaliwa Sharm el-Sheikh mwaka 2022, na ahadi zake za mwanzo hazikufika hata bilioni moja kwa dunia nzima. Na sehemu kubwa ya fedha za tabianchi zinazofika kwetu ni mikopo. Mtu amekuchomea nyumba, anakuja na mfuko wa saruji, anakwambia utarudisha na riba. Kwa desturi ya hapa mlimani, aliyekosa huja na jani la isale mkononi, na akija nalo humkatalii msamaha. Lakini isale haiji peke yake. Inakuja na kukiri kosa, na inakuja na kulipa kilichoharibika. Sijawahi kuona isale kwenye mikutano hii.

Badala yake tunaletewa miti. Niseme wazi: napenda miti, nimepanda mikoche na miparachichi kwa mikono yangu. Ninachokataa ni mti kugeuzwa jibu la deni la kwanza. Niliwahi kuhudhuria siku ya upandaji miti katika kata moja ya wilaya ya Moshi. Fulana zilikuwa mpya, hotuba nne, picha nyingi. Miche mia kadhaa ikapandwa mwanzoni mwa kiangazi. Nilirudi baada ya miezi miwili nikakuta vijiti vikavu na mbuzi. Hakuna aliyekuwa amepangwa kumwagilia. Hata miche ile ingeshika yote, mti unashikilia hewa ukaa kadiri unavyokuwa hai tu. Ukiungua, unairudisha sehemu kubwa angani kwa siku moja. Huwezi kuchoma makaa ya mawe yaliyolala ardhini miaka milioni mia tatu ukaahidi kuyafidia kwa mche unaotegemea mbuzi wa jirani asiwe na njaa.

Biashara ya kaboni, ambapo mwenye moshi huwalipa wengine watunze miti au nyasi kwa niaba yake, inaingia hapo hapo. Tanzania ilitunga kanuni zake mwaka 2022. Siyo yote mabaya: Wahadzabe wa bonde la Yaeda wamelipwa kwa miaka sasa kwa kuutunza msitu wao, na fedha zimefika kwenye ada za shule na matibabu. Lakini Longido na Monduli wafugaji wamekuwa wakiuliza maswali mazito kuhusu mikataba ya malisho yao: ni ya miaka mingapi, nani aliisoma kabla ya kusaini, na ukame ukija ng'ombe watahamia wapi kama ratiba ya malisho imeandikwa na mnunuzi. Naona wako sahihi kuuliza. Mmasai wa Longido akilipwa ili kampuni ya Ulaya iendelee kutoa moshi, deni la kwanza halijalipwa. Limehamishiwa kwenye nyasi zake.

Lakini hasira hiyo isitupofushe. Septemba 2022 Bunge la Ulaya lilipitisha azimio la kulipinga bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, kilomita 1,443. Mwaka huo huo Ujerumani ilirudisha mitambo ya makaa ya mawe kazini kwa sababu ya vita vya Ukraine, na makaa ya mawe ya Ruvuma yakapakiwa bandarini Mtwara kwenda Ulaya. Watu wengi hapa waliona jibu limeshapatikana: nyani haoni kundule. Ni kweli haoni. Ila mafuta yale yakichomwa, popote yatakapochomwa, yanapasha joto usiku ule ule wa mbuni wa Uru. Unafiki wa mshitaki hauyapunguzii mafuta hata tone la moshi. Ningependa kuona Tanzania ikiwaambia Ulaya ukweli wao usoni na wakati huo huo ikijiuliza yenyewe kama fedha za bomba zinalingana na kahawa tutakayoipoteza. Swali hilo la pili halikuulizwa kwa sauti mahali popote nilipokuwepo.

Mtungi wa gesi ya kupikia nauona tofauti kabisa, na hapa najua wapo wanamazingira watakaokasirika. Mkakati wa taifa wa 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Wengine wanauliza: gesi ya mtungi si nayo inatoka kwenye mafuta? Inatoka. Lakini nchi hii, kwa hesabu za serikali yenyewe, ilikuwa ikipoteza hekta 469,000 hivi za msitu kila mwaka, na mkaa ni mmoja wa walaji wakubwa. Mama wa Pasua au Njoro anayenunua mkaa kwa kopo, jioni kwa jioni, anavuta moshi kifuani na bado analipa ghali kuliko jirani mwenye mtungi. Moshi wa mtungi wake mdogo wa kilo 6 kwenye hesabu ya dunia hauonekani. Msitu unaobaki umesimama unaonekana, kwenye mfongo, mwaka huo huo. Kumnyima mtungi kwa jina la nyuzi 1.5 ni kumlipisha deni la kwanza mtu asiyelidaiwa, na kumzuia asilipe la pili.

Mafuriko ya Aprili 2024 yalinifanya niamini zaidi katika kutenganisha. Kufikia tarehe 25 mwezi ule Waziri Mkuu alisema watu 155 wamekufa nchini. Arusha, gari la shule lilisombwa na maji na watoto wakapotea. El Niño ilikuwepo, dunia ilikuwa na joto la kupita kiasi, mvua ilikuwa kubwa, yote kweli. Lakini korongo lile lilikuwa na kivuko au halikuwa nacho? Mtaro ulizibuliwa lini mara ya mwisho? Kwenye msiba nilisikia mtu akisema "ni tabianchi" kwa sauti ya kufunga mazungumzo, na sitaki neno hilo litumike kufunga mazungumzo mbele ya jeneza la mtoto.

Ndiyo maana nafuatilia kwa karibu yanayoendelea kwenye mahakama, na Arusha imo ndani yake. Tarehe 23 Julai 2025 Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule The Hague, kwa ombi lililoanzishwa na Vanuatu, nchi ndogo ya visiwa, ilitoa maoni kwamba mataifa yana wajibu wa kisheria kuzuia madhara kwa tabianchi, na kwamba anayeuvunja anaweza kudaiwa fidia. Ni maoni ya ushauri, hayana askari wa kuyatekeleza, lakini deni la kwanza sasa lina jina mbele ya sheria. Mwezi Mei mwaka ule ule, Umoja wa Mawakili wa Afrika ulikuwa umepeleka ombi kwenye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, saa mbili tu kwa gari kutoka hapa Moshi. Wanauliza serikali za Afrika zenyewe zina wajibu gani kwa watu wao mbele ya joto hili. Hilo ni deni la pili, limewekwa mezani na Waafrika, mbele ya majaji Waafrika. Naomba lisikwame kwenye utaratibu kama ilivyokuwa Novemba 2023, pale kesi ya bomba la mafuta ilipoondolewa katika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, hapo hapo Arusha, kwa kuwa ilifunguliwa baada ya miezi miwili inayoruhusiwa kupita.

Desemba iliyopita, siku ya pili baada ya Krismasi, niliwashawishi baba mdogo na binamu tupande hadi kwenye banio la mfongo wetu. Maji yalikuwa membamba. Tulimkuta mzee wa mfongo amekaa kwenye jiwe na daftari la shule la kurasa 64. Tukamwamkia, tukamweleza tunabishana nini. Hakutujibu. Alifungua daftari akatuonyesha. Upande mmoja aliandika walioonekana wakifungua maji usiku huko juu, zamu isiyo yao; hao wanalipa kwa kadiri ya walichochukua, na watu wa chini ndio wanaolipwa. Upande wa pili aliandika wasiofika siku za msaragambo kusafisha mfongo; hao wanalipa faini na bado kazi yao inawasubiri. Binamu akauliza kama mtu wa upande wa pili anaweza kusamehewa kwa kuwa wa upande wa kwanza wameiba maji. Mzee akamtazama kwa muda, akasema, "Mwanangu, matope hayajui nani ameiba."

Kisha akashusha kidole hadi chini ya ukurasa. Jina la babu yangu lilikuwa pale, miaka miwili mfululizo, siku nne za msaragambo. Sisi tulikuwa Dar, Moshi mjini na Dodoma. Baba mdogo alitoa fedha mfukoni akalipa. Mzee akazihesabu, akafuta siku, akatuonyesha majembe yaliyokuwa yameegemezwa kwenye mti. Tulisafisha mpaka saa nane mchana, kuanzia kwenye banio hadi mpakani kwetu penye masale.